Skrini Ambayo Seva Haiioni

Jumatano, Mei 14. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikapumzika kidogo, ikarudi.

Mama mwenye nyumba ya wageni alinipigia asubuhi. Ndiye mteja pekee ninayemtengenezea tovuti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, ukurasa wako waruka kama mbuzi. Nabonyeza pa kuweka nafasi, nafunguliwa picha za bwawa. Mgeni atavumilia hayo? Kesho ukiwa bado unaruka, kazi nampa kijana wa Mombasa."

Ana haki. Kurasa zangu huandaliwa kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, kabla hazijamfikia mgeni, ili zifunguke upesi. Mpangilio wa kurasa hizo hutegemea upana wa skrini, na seva haina skrini. Lazima niiwekee jibu la kukisia. Nilikuwa nimeiambia ijibu siku zote: pana. Kwa hivyo simu ilipokea ukurasa wa kompyuta, ikajipima, ikaupanga upya, na vitufe vikahama chini ya kidole.

Nilichagua pana kwa sababu mama alisema wageni wake ni Wataliano wenye kompyuta kubwa. Lakini hakunikataza kujaribu kwa simu, basi lawama simtupii. Siku hizi wengi hutoka Nairobi, simu mkononi.

Nikaifundisha seva isome kifaa cha mgeni kinavyojitambulisha. Kikisema ni simu, ijibu nyembamba. Kikinyamaza, nyembamba vilevile. Sijui kama wasomi hufanya hivyo. Mimi nilipitia kozi fupi tu.

Kwenye simu yangu ukurasa ulitulia, ila simu moja si ushahidi. Nikafikiria nimwombe nani simu yake, na hapa mtaani Barani sikumpata mtu. Mwisho nikabisha kwa jirani, ambaye tangu nihamie kutoka Marafa tunapeana salamu tu.

"Simu yangu waitakia nini? Mkeo yumo humo?"

"Sina mke, dada. Nataka kutazama ukurasa."

"Tazama hapahapa nikuone."

Ukafunguka bila kuruka. Alifunga mlango kabla sijamaliza kushukuru. Si ubaya, mvua ilikuwa ikiingia ndani kwake.

Alasiri mama akapiga tena. "Sasa umetulia. Kazi ni yako."

Nikamwuliza kama kuna jingine la kurekebisha, hata dogo.

"Hamna, mwanangu. Likiharibika lolote nitakupigia."

Nilifurahi, nadhani. Baada ya hapo simu haikulia. Jioni nilisonga sima ya mtu mmoja, nikaila kwa mchicha wa nazi. Chumvi ilizidi.