Mama wa Naitiri Aliyekuwa Akijibu Mashine

Leo mama mmoja wa Naitiri amenipa ruhusa ya kumpigia simu, lakini si ya kumuuzia bima.

Mnajua mimi ni ajenti wa bima hapa Kitale. Ofisi yetu ilikuwa na mashine ya kupigia watu simu kwa sauti yangu niliyorekodi: "Habari ya asubuhi, mzazi. Umeamkaje?"

Kumbe sheria inataka mtu akubali kwanza kupigiwa na mashine. Kwa hivyo leo nimeshinda nikipigia watu mwenyewe, nawauliza kama wanakubali.

Huyu mama akajua sauti yangu mara moja.

"Ni wewe? Kila ukipiga nakujibu. Nakuambia goti linauma, nakuambia ng'ombe amezaa, na wewe unaendelea kuongea tu. Nikasema huyu mtoto ana haraka."

 

Nikamweleza ile ilikuwa mashine.

"Basi hiyo mashine isipige tena. Piga wewe."

"Nipige simu ya bima, mama?"

"Bima sitaki. Wewe uliniuliza nimeamkaje na hujawahi kungoja jibu."

Nikamuuliza upya, nikangoja.

Goti bado linauma. Ndama ni jike.