Kikao cha Posa Kilivyohamia Kwenye Mguu Wangu

Majina sitaandika. Watoto wa kaka yangu wote wana simu na wote wanajua kusoma, kunishinda mimi niliyeishia darasa la nne, na sikukuu bado nakwenda kula kwao Janga. Lakini vyeo nitavitaja, na kwetu Janga ukishataja cheo mtu anajulikana hadi mlango wake. Walioniumiza siku ile ni dereva wa bodaboda wa Mlandizi, kaka yangu mkubwa, wifi yangu ambaye ni mke wa huyo kaka, na mshenga. Yupo na wa tano. Huyo nitamfikia, maana ndiye anayeniuma hadi leo.

Mimi nimeolewa Kisarawe, kule Masaki kwenye mikorosho, na mume wangu amezikwa huko huko. Siku hiyo nilikuwa nakwenda kwetu. Binti wa kaka alikuwa anaposwa, na posa bila shangazi haijawa posa. Nilibeba ndoo ya korosho nilizobangua na kukaanga kwa mikono yangu. Nilipofika Mlandizi nikapanda bodaboda. Dereva alikuwa amechomeka simu ndani ya helmeti, anagombana na mwanamke. Nikamgonga begani.

"Mwanangu, angalia mbele."

"Mama, tulia. Hii barabara naijua kama chumba changu."

Basi chumba chake kina tuta katikati na yeye hana habari.

Nilipofumbua macho, mguu wa kulia ulikuwa umekunjika mahali pasipo na goti. Watu wema walikuja mbio. Nusu walikuja kwangu, nusu walikwenda kwenye korosho. Helmeti ilikuwa imebingirika karibu na kichwa changu, na ndani yake yule mwanamke alikuwa bado anasema, "Mbona umenyamaza? Si nimesema ukweli?" Dereva hakuchubuka hata ukucha.

Wakanipakia kwenye bajaji hadi hospitali upande wa Kibaha. Sitaeleza safari hiyo. Kila shimo lililoko njiani nalijua sasa, naweza kuliita kwa sauti yake.

Katika chumba cha dharura alinipokea daktari binti mdogo wa kumzaa mimi. Wakanipiga picha ya mguu, akaitazama, kisha akachuchumaa hadi macho yetu yakalingana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nakufa."

"Hufi mama. Mfupa umevunjika na umepinda. Inabidi tuunyooshe halafu tukufunge hogo, ile plasta ngumu. Kuunyoosha bila dawa utaumia sana. Nina sindano ya mofini. Ni dawa kali, inashusha maumivu haraka. Inaweza kukuletea usingizi, kichefuchefu, hata mwili kuwasha, kwa hiyo nitakaa hapa hapa niangalie unavyopumua. Ziko nyingine nyepesi, ila kwa mguu huu naona hazitatosha. Wewe unaonaje? Tuamue mimi na wewe."

Nikamkodolea macho. Nimeishi miaka hamsini na kitu, hakuna mwenye koti jeupe aliyewahi kuniuliza naonaje. Kusema kweli, hakuna mwenye koti la rangi yoyote. Nilipoposwa waliulizana wao. Mume alipougua waliulizana wao. Hata mbuzi wangu alipopotea walikaa wakaulizana, nikaja kuambiwa kwamba nimesamehe. Basi nikajibu kama nilivyolelewa.

"Kaka yangu amepigiwa simu, yuko njiani. Muulizeni yeye."

"Mama, mguu ni wako."

"Ndiyo mwanangu. Lakini kaka yuko njiani."

Alikuwa njiani kweli, na hakuwa peke yake. Habari ya ajali iliwakuta wamekaa kwenye mkeka wa posa, pande zote mbili, ndiyo kwanza salamu zimekwisha. Wakainuka jinsi walivyo wakapanda kirikuu, kile kigari cha mizigo kilicholeta wageni, mkeka nao ukapanda. Walishuka pale hospitali wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, wifi na gauni lake jipya la dira na chupa ya chai kifuani, mlinzi akadhani wamekosea ukumbi. Wakaambiwa wagonjwa hawaingiliwi na msafara. Akaingia kaka kama mkubwa wangu, akaingia wifi kwa kusema chai ni ya mgonjwa, na nyuma yao akaingia mshenga wa upande wa bwana harusi, mzee aliyevaa koti juu ya kanzu, ambaye kwangu si baba, si mjomba, si jirani. Ukimuuliza leo atakwambia hakuona adabu kuacha kikao katikati.

Kaka akafungua kwa dua. Halafu akawashukuru wote waliohudhuria. Mimi nilikuwa nimelala katikati yao nimeng'ata kanga, na daktari amesimama na trei.

"Daktari, nimeambiwa kuna sindano," kaka akaanza. "Jina lake?"

"Mofini, mzee wangu."

"Hiyo hiyo ya maji aliyopewa marehemu shemeji?"

"Ni dawa hiyo, ila ile ya maji inanywewa na..."

"Basi kikao hakikubali. Shemeji aliletewa hiyo, akafa."

Hapa nisimame kidogo. Mume wangu alikuwa na kansa. Alipofikia hatua ya kutolala, mhudumu alituletea chupa ya mofini ya maji, akatufundisha kipimo na saa zake. Kaka alikuja Masaki, akaitazama ile chupa kama nyoka, akasema hiyo ni dawa ya kumsukuma mtu kaburini, mwageni. Mume wangu aliishi wiki nyingine tatu. Majirani wa ng'ambo ya mikorosho walikuwa wanamsikia. Kwa hiyo aliposema shemeji aliletewa dawa akafa, hakusema uongo. Alichokiacha ni kwamba hakuinywa. Aliyeinywa ni choo chetu cha shimo.

Wifi naye hakutaka kubaki nyuma. "Na asipokufa anakuwa teja! Kuna kijana pale stendi ya Mlandizi, alianza na vidonge vya maumivu hivi hivi. Sasa analala amesimama, ameinama, utadhani ameangusha shilingi. Wifi yangu kwa umri huu aje asimame vile stendi, na kilemba?"

"Mama," daktari akamjibu taratibu, "kuogopa si vibaya. Dawa hizi zikitumiwa siku nyingi bila kuangaliwa zinaweza kumfunga mtu. Lakini hapa tunazungumzia mfupa uliovunjika leo, na mimi nipo. Hata vidonge vya nyumbani nitampa vichache."

Ikawa zamu ya mshenga. Alikohoa kile kikohozi chao, akaweka koti sawa.

"Nimesikiliza pande zote," akasema, "na pande zote ni watu waungwana. Daktari, upande wako mmeanzia ngapi?"

"Mzee?"

"Hicho kipimo."

"Kwa mwili wake, hadi miligramu tano. Naitoa kidogo kidogo, nikiangalia."

"Tano. Upande wa binti wanasema sifuri." Binti ni mimi. "Kwa uzoefu wangu watu wakiwa mbali hivi wanakutana katikati. Tuseme mbili na nusu."

"Mzee wangu, hii haipatanwi."

"Kila kitu kinapatanwa, mwanangu. Mbili na nusu ipokelewe leo, mbele ya mashahidi. Iliyobaki itamaliziwa akishapata mtoto wa kwanza."

Nesi aliyekuwa anamsaidia daktari akageukia ukuta, mabega yanamcheza. Mshenga mwenyewe akashtuka, akajifuta uso. "Samahani. Ulimi umezoea."

Hapo wifi, kwa kucheka, akaegemea kitanda, upande wa mguu ule ule.

Sijui nilipiga kelele gani. Nasikia kule mapokezi mtu mmoja aliyekuja na jino aliamua kurudi nyumbani. Kelele zilipokwisha daktari hakuwafokea, nami nilitamani awafokee. Alichuchumaa tena pale pale, akawapa mgongo wote watatu.

"Mama, hawa nimewasikia. Wewe mwenyewe unaogopa nini?"

Nikafungua mdomo nimwambie aulizwe kaka. Na ndipo nikamkumbuka wa tano. Kaka alisema mwageni, lakini yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda kibarazani. Aliyebeba ile chupa hadi chooni ni mimi. Mume wangu aliniona napita nayo mlangoni, akaniuliza, "Unaipeleka wapi?" Nikamwambia, "Kaka amesema." Huyo ndiye wa tano.

"Naogopa kulia kama alivyolia mume wangu," nikasema, "na huku dawa ipo. Hicho tu. Kuwashwa nitajikuna."

"Na kuhusu kuzizoea?"

"Ukinipa vidonge vingi nitaogopa. Nipe kidogo, niwe narudi uniangalie."

"Hivyo ndivyo nilivyotaka kufanya," akasema. "Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana. Nichome."

Kaka akanyanyua mkono. "Jamani, kikao hakijafungwa."

Nilimtazama. Kaka huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka maji mto Ruvu ulipofurika, na ndiye aliyenigawa kama shamba toka nilipoota maziwa. Nikamwambia, "Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Toka nje."

Wifi aliangusha mfuniko wa chupa ya chai. Sikuwahi kumwambia kaka neno hilo, hata kuku wake sikuwahi kuwaambia. Alinitazama, akamtazama mshenga, na mshenga, ambaye kazi yake yote ni kujua mambo yameishia wapi, akamshika kiwiko wakatoka.

Daktari alitoa dawa kidogo, akasubiri, akaniuliza, akaongeza. Sikuona malaika wala mlango wa kaburi. Niliona dari, nikaona ina doa, na kwa mara ya kwanza toka asubuhi nilikuwa na nafasi ya kujali doa. Maumivu yalikuwepo, ila yalikuwa kama redio ya jirani. Mfupa ukanyooshwa. Kichefuchefu alichonitajia nacho kilikuja, na kwa bahati mshenga alikuwa amerudi kuchungulia kama wameishia kwenye mbili na nusu. Lile koti hajalivaa tena.

Huko korido walitandika mkeka kando ya viti vya magurudumu wakamaliza posa yao. Binti aliolewa, ana raha zake. Na mshenga anatangaza hadi leo kwamba madaktari walitaka kumshindilia mama wa watu dozi nzima, yeye ndiye aliyewashusha wakaanza na kidogo.

Kabla sijatoka, daktari alinipa vidonge vya siku tatu. Tulikaa tukapanga: kimoja asubuhi na kimoja usiku, nikiona maumivu yamepungua nitumie vyepesi alivyonipa pembeni, vitakavyobaki nimrudishie. Akaniuliza nitaviweka wapi. Nikamwambia vitakaa nilipoweka mahari yangu, yaani mahali ambapo ndugu zangu hawajawahi kupajua. Akacheka, lakini aliandika.

Nilipelekwa Janga kwa kaka nikauguzwe. Siku mbili hakunisemesha zaidi ya salamu. Siku ya tatu, mchana, wifi ameenda shamba, nikamwona kaka anakuja chumbani kwangu anatembea kwa upande, mkono kiunoni. Alikuwa ameng'oa muhogo tangu alfajiri. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaulizia hogo, akaulizia usingizi, akasifu korosho ambazo hakuzila.

"Mdogo wangu," akasema mwishowe, akitazama mlango, "vile vidonge vyako. Vimebaki?"

"Viwili."

"Nipe kimoja. Mgongo huu unaniua."

"Daktari amesema havigawiwi. Kila mtu na maumivu yake na daktari wake."

"Kimoja tu, nani atajua? Uamuzi si ni wako?"

Nilivuta pumzi. Kitu nilichokisubiri miaka hamsini kilikuwa kimekaa kitandani kwangu, kimeshika kiuno.

"Kaka," nikamwambia, "hili ni jambo zito. Itisha kikao."

Vile viwili nilimrudishia daktari, kwenye karatasi yake. Kaka naye alikwenda siku hiyo hiyo, kwa kirikuu, akaulizwa anaonaje kuhusu mgongo wake. Nesi ameniambia aligeuka akatazama mlango, kisha akauliza kama mdogo wake bado yupo hapo nje.