Redio na Ngazi za Maporomoko

Wenzake walimwita Redio, maana akifungua mdomo asubuhi hafungi mpaka wageni washuke kwenye basi jioni. Miaka kumi na tisa alitembeza watu njia ileile: asubuhi hekalu la Wahindu juu ya kilima, mchana maporomoko ya maji yaliyo nyuma yake. Na miaka miwili ya mwisho, jamani, aliwatembeza haoni. Si kipofu kabisa, la. Mwanga na vivuli aliviona. Siri hiyo aliijua shemeji yake tu, kaka wa mkewe, aliyekuwa dereva wa basi lao dogo. Bosi angejua, kazi ingeota mbawa, na Redio hakuwa na kazi nyingine aliyoijua duniani.

Siku hiyo, mlangoni mwa hekalu, kila mtu alivua viatu kama inavyotakiwa. Ndani Redio akatamba. "Kushoto kwenu, mungu mwenye kichwa cha tembo, ndiye anayeondoa vikwazo," akasema, na kweli alikuwa kushoto, kwani Redio alihesabu hatua kumi na mbili kutoka kwenye kengele. Walipotoka nje, akavaa viatu vya mgeni. Watu wakacheka mbavu hawana, naye akacheka nao, akijifanya ametania.

"Shemeji, leo tuishie hapa," dereva akamnong'oneza. "Nasikia mvua ya juzi imeharibu njia kule chini."

"We endesha gari lako. Hizo ngazi nazijua nje ndani."

Ubishi huo! Dereva akaguna, akafuata nyuma. Maji yalinguruma, manyunyu yakawalowesha nyuso. Walipofika ukingoni mwa genge, Redio akageukia sauti za wageni. "Karibuni, egemeeni chuma cha kizuizi hapo, mtazame upinde wa mvua!"

Mama mmoja alikuwa akirudi kinyumenyume ajipige picha, mkono ukikitafuta chuma nyuma yake. Dereva akamrukia, akamvuta, wote wawili wakaanguka matopeni.

"Chuma gani, kaka?" yule mama akamuuliza Redio, akijifuta matope. "Mbona hapa hakuna kitu?"

Mvua ilikuwa imekisomba. Wageni wote walimtazama Redio. Walipanda ngazi, yeye akiwa wa mwisho, akipapasa ukuta.

Kwenye maegesho dereva alimvuta kando. "Tungeua mtu, shemeji. Mimi na wewe. Mimi niliyejua nikanyamaza."

"Utamwambia bosi?"

"Simwambii. Utamwambia mwenyewe, sasa hivi, kabla sijawasha gari."

Redio akaketi kwenye ngazi ya mlango wa basi. Akatoa simu, akaikodolea macho, akaisogeza mpaka puani, akaigeuzia mwanga. Mwishowe akamnyooshea shemeji yake simu hiyo.

"Nipigie wewe," akasema. "Jina lake silioni."