Tawi Bichi Kwenye Njia ya Mizinga

Siwaombi mniamini. Nilikuwepo, na shemeji yangu Nestori bado yu hai, mwulizeni.

Ilikuwa kiangazi, jua linashuka. Tulikuwa tunaelekea kwenye mizinga yetu ya nyuki, porini mbele ya Kabungu, tukasikia ndege ndogo ya mafunzo ya jeshi ikikohoa juu yetu. Kisha kishindo. Tukaacha baiskeli palepale njiani, tukakimbilia moshi.

Kwenye njia panda ya kwanza tulimkuta mtu mwenye shoka begani, analaza tawi kukatiza njia ya kulia. Kwetu kila mrina asali anajua: njia iliyolazwa tawi imefungwa.

"Wapo hai," alisema bila kugeuka. "Fuateni matawi. Msiruke hata moja."

Tukafuata. Kila panda, tawi. Nyie msingefuata?

Tuliwakuta wawili, mwalimu na mwanafunzi wake. Mwalimu alikuwa amevunjika mkono. Mwanafunzi alining'inia kwenye mikanda, paja linachuruzika damu, na mafuta yananuka kote. Tukakata mikanda kwa kisu cha kurinia. Nestori akambeba mgongoni.

"Mwenzenu mwenye shoka ndiye katuelekeza," nilimwambia mwalimu.

"Mwenzetu yupi? Tulipanda wawili tu."

Hatujaenda mbali, ndege ikalipuka nyuma yetu na nyasi zikashika moto. Tukafika ile panda ya kwanza. Tawi lilikuwa limehama. Sasa lilifunga njia yetu ya nyumbani.

"Shemeji, mtu ananifia mgongoni, wewe unakagua majani?" Nestori alifoka, akainua mguu aruke.

Nikamkamata mkanda wa suruali. Lilikuwa tawi la mninga, majani mabichi kabisa. Kiangazi kile mininga yote ilikuwa imepukutika. Hilo lilikatwa wapi?

Tukashika ile njia iliyokuwa imefungwa mwanzo. Punde upepo ukageuka, na ile ya nyumbani ikawaka yote, miti inapasuka kama risasi. Yetu ilitutoa barabarani. Lori la mahindi likatufikisha hospitali Mpanda. Wote wawili walipona.

Kesho yake tulirudi kufuata baiskeli. Tulikuta vyuma vyeusi. Pale panda, katikati ya majivu, tawi lilikuwa bado bichi. Nestori alivua kofia.

Yeye ndiye alikuwa mcheshi wa kwetu Magamba. Siku hizi akifika njia panda, hata katikati ya soko la Kashaulili, husimama kwanza akatazama chini. Watu wanamcheka. Mimi nasimama naye.

Kwa hiyo ukikuta tawi limelazwa njiani, geuka. Na ukimwona anayelilaza, pita kimya. Usimwombe akuonyeshe uso.