Alitaka Kila Mlaji Aketi

Habari za kifo chake zilinifikia ovyo, kama habari nyingi zinavyotufikia siku hizi. Dereva wa lori la maharage kutoka Karatu alisimama nje ya nyumba yangu hapa Arusha kuulizia njia ya ghala, akanitambua kwa picha inayotoka juu ya safu hii, akasema, "Mzee, yule rafiki yako wa mgahawa tumeshamzika. Kifua ndicho kilichomwondoa." Nilimuuliza mbona sikupewa taarifa. Akajibu kwamba simu ya Karatu haifanyi kazi tangu mvua zianze, na kwamba hata ningepewa taarifa nisingefika, maana maji yalikuwa yameikata barabara pale Mto wa Mbu na mabasi yalilala huko. Akaniaga akaenda zake kutafuta ghala. Nilibaki nimesimama getini, nimekasirika, sijui nimkasirikie nani. Wasomaji wangu wa kila wiki watanivumilia leo. Nilikusudia kuandika juu ya bei ya mbolea, lakini kalamu imekataa.

Sitamtaja jina, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kutajwa. Alikuwa Mwiraqw, mtoto wa wakulima wa ngano na maharage kwenye miinuko ya juu ya Karatu, na tulijuana mbali sana na huko. Mwanzoni mwa miaka ya sabini serikali ilimpeleka Sofia, Bulgaria, kusomea kazi ya hoteli, nami nilikuwa huko huko kwa mafunzo ya uandishi. Kila tulipopata posho tulikwenda kula nje, na yeye ndiye aliyechagua mahali. Hakutafuta chakula peke yake. Alitafuta jinsi kinavyoletwa. Nakumbuka mara ya kwanza tulipoletewa supu yao ya baridi, maziwa ya mgando yaliyotiwa matango na vitunguu saumu. Mimi niliiogopa. Yeye aliionja, akacheka mpaka watu wakageuka. "Haya ni maziwa ya mama yangu," alisema. "Wameyatia matango tu."

Katika mgahawa ule ule ndipo alipoona jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilimpangia maisha yaliyobaki. Aliingia bibi mmoja wa shamba, kilemba kichwani, matope kwenye viatu, kikapu mkononi. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Mhudumu, mtu wa makamo aliyevaa tai ndogo nyeusi, alimwendea bila haraka, akampokea kikapu, akamvutia kiti, akangoja mpaka ameketi vizuri, ndipo akampa orodha ya vyakula. Hakuna aliyegeuza shingo. Rafiki yangu aliacha kula. "Umeona?" aliniuliza. "Hakumtazama viatu." Kisha akasema siku moja mama yake naye atavutiwa kiti hivyo hivyo, na atakayekivuta atakuwa yeye.

Aliporudi nchini alipangiwa kazi katika hoteli moja iliyo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, akawa msaidizi wa mkuu wa ukumbi wa chakula. Nilifika huko siku moja mchana kwa kazi ya gazeti, ukungu umetanda hata kreta yenyewe haionekani, nikamkuta amevaa koti jeupe na uso unang'aa. "Umekuja siku njema," aliniambia. "Leo nina mgeni wangu." Mgeni alikuwa mama yake. Alikuwa amepanda kutoka Karatu kwa gari la mboga la hoteli, amejifunga kitenge kipya juu ya sweta, kandambili miguuni, na baridi ile ya juu mnaijua. Mwanawe alikuwa amekwisha kulipia chakula kutoka mshahara wake, kama mteja mwingine yeyote. Alimwongoza hadi meza ya dirishani, akavuta kiti, mama akaketi kwenye ncha yake kama anayeogopa kukivunja.

Meneja alitokea kabla supu haijafika. Nisieleweke vibaya: hakuwa mkoloni wala mgeni kutoka ng'ambo. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu wa mikutano na hotuba nzuri.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni mgeni, bwana meneja."

"Mgeni wa wapi?"

"Wa Karatu."

"Tangu lini mgeni akatoka Karatu?" Meneja alishusha sauti, kwa sababu kwenye meza ya pili walikaa watalii. "Mpeleke nyuma. Watu wa hapa wanapita mlango wa jikoni, na wewe unalijua hilo."

Rafiki yangu alifungua kinywa kujibu, lakini mama alikuwa ameshainuka. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha sokoni, lakini siku ile kilitosha. "Mwanangu, usigombane," alisema. "Hata nyumbani mimi nakula jikoni."

Maneno hayo yalimchoma kuliko ya meneja. Alichukua kitambaa cha meza ile, akakikunja mkononi, akamfuata mama yake. Nami nikawafuata. Kule jikoni aliondoa viazi kwenye meza waliyokuwa wakimenyea, akaifuta, akatandika kitambaa, akapanga uma na kisu, akavuta kiti. Mama aliketi. Alimletea supu, akangoja amalize. Akamletea nyama na mboga, akangoja amalize. Akamletea matunda na maziwa. Hakukimbia hata kidogo, na wakati wote huo ukumbini watalii walikuwa wakitazama sahani tupu, kengele ya meneja ikilia na wapishi wakiangalia sakafu. Mama yake alipomaliza alisema chakula ni kizuri ila nyama haina chumvi. Yeye akacheka, kisha nikamwona anajifuta macho kwa mkono wa lile koti jeupe.

Kesho yake alihamishiwa stoo kuhesabu magunia. Mimi niliandika habari ile nikampa mhariri wangu wa wakati huo, akaisoma, akasema ni nzuri sana, na haikutoka. Baada ya miezi michache rafiki yangu aliacha kazi, akashuka Karatu, akafungua mgahawa wake kando ya barabara. Ilikuwa karibu na wakati ule mpaka wa Kenya ulipofungwa na magari ya watalii yakaadimika, na kila mtu alimwambia amechagua wakati mbaya. Alijibu kwamba hakuwafungulia watalii.

Niliwahi kula pale mara nyingi. Mkulima aliyetoka shamba na jembe lake alinawishwa mikono na kuvutiwa kiti. Mwanzoni walicheka. Wengine walidhani wanadhihakiwa. Nilimwona mzee mmoja wa Kimaasai aliyeteremka kutoka Nainokanoka kuuza ng'ombe, akaingia na fimbo yake, na rafiki yangu akanyoosha mkono kuipokea. "Fimbo hii haikai mbali na mimi," mzee alisema kwa ukali. "Basi nayo tuitafutie kiti," alijibiwa, na kweli kikaletwa kiti cha pili, fimbo ikaegemezwa hapo. Mzee aliitazama fimbo yake, akatutazama sisi, akaangua kicheko, na tangu siku hiyo hakula kwingine kila aliposhuka mnadani.

Ikaja miaka ya uhaba. Mnaikumbuka, sina haja ya kuieleza. Unga wa ngano kwa kibali, mafuta kwa kibali, na sabuni ya kufulia vile vitambaa vya meza ikawa ya kutafutwa kama dawa. Alivifua kwa majivu, mkewe akilalamika. Angeweza kuivuka miaka ile, nina hakika, lakini siku moja ulisimama msafara wa wakubwa waliokuwa wakielekea Ngorongoro, na kijana wao mmoja akaingia na kuwaambia wakulima waliokuwa katikati ya kula wapishe meza. Wakulima wakaanza kuinuka. Rafiki yangu akawaambia waketi. Kwa yule kijana alisema, kwa adabu zote, "Hawa wako nusu ya sahani. Waambie wazee wana benchi hapo nje kivulini, nitawaita sasa hivi." Msafara haukungoja. Uliondoka na vumbi lake, na kibali cha unga cha rafiki yangu hakikuonekana tena. Alikwenda kukiulizia ofisini mpaka viatu vikaisha. Kila mara aliambiwa kinashughulikiwa. Mwishowe alifunga, akarudi kulima.

Msidhani ninamchora mtakatifu. Alikuwa mkaidi, na ukaidi wake uliigharimu nyumba nzima. Watalii waliporudi, tajiri mmoja alimtaka amsimamie mgahawa mkubwa pale pale Karatu, kwa masharti mazuri. Alikataa alipoambiwa kwamba madereva na wenyeji watakuwa na chumba chao cha nyuma. Mkewe alinieleza mbele yake, hasira haijapoa: "Shemeji, watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, huyu anabishania viti. Kiti ni kiti!" Nilimwona mama yule ana haki, na bado namwona ana haki. Mwaka jana nilipomtembelea rafiki yangu, tukiwa tumekaa ukingoni mwa shamba lake, nilimuuliza kama anajuta. Alifikicha ganda la harage mkononi. "Kufunga hakukuniudhi sana," alisema. "Kilichoniudhi ni kwamba kesho yake watu walikwenda kula kwingine wamesimama, sahani mkononi, na hakuna aliyeshangaa."

Kwa kuwa barabara ilikuwa imeshafunguka, wiki hiyo hiyo nilikwenda kumpa pole mjane. Alinipokea kwa uchungu na kwa uchungu huo huo akaniambia, "Angalau wewe ulikuwa unamwelewa. Mimi nilikuwa nampenda tu." Kabla ya kurudi Arusha niliingia katika hoteli moja ya barabarani kula chakula cha mchana. Sahani ilitupwa mbele yangu. Nilikuwa sijafika nusu yake dada wa kuhudumia aliponijia. Hakuwa mkorofi. Alikuwa amechoka tu.

"Mzee, sogea kule nyuma. Kuna magari ya wageni yanaingia."

"Na mimi ni nani?" nilimuuliza.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe ni mwenyeji?"

Sikumlaumu dada yule. Niligeuka kutafuta mtu wa kunisaidia kubisha, na nikaona walaji wa meza zote za jirani wameshasimama, sahani zao mikononi, wanaelekea nyuma. Wao hawakuwa wameambiwa. Waliyaona magari, basi. Hapo ndipo nilipoelewa kilichomuudhi rafiki yangu. Tunapenda kulaumu meneja, na wakubwa, na yule aliyekalia kibali, nao wanastahili lawama. Lakini kazi yao tunawarahisishia sisi tunaoinuka mapema. Mtu hawezi kumvutia kiti mwenzake ambaye ameshajifunza kusimama. Fundisho ninalolitoa kwenye maisha ya marehemu ni dogo, na linafanyika bila kibali cha yeyote: ukishaketi, na umelipa, na hujamaliza kula, kaa.

Nilimwambia dada yule kwamba nitapisha nikimaliza. Aliinua mabega, akaenda kuwapokea wageni, nao wakapata meza nyingine bila shida yoyote. Wali ulikuwa mbichi na mchuzi ulikuwa maji matupu. Nilimaliza wote, taratibu, nimeketi.