Jogoo Mwekundu wa Osundwa

Osundwa alikuwa amekwisha kuzikwa, na mvua ilikuwa imeanza kuubonyeza udongo wa kaburi lake, aliposikika tena redioni akitangaza kifo cha mzee mmoja wa Mumias. Mzee huyo naye alikuwa kaburini tangu msimu uliopita. Osundwa alisoma majina ya watoto, wakwe na wajukuu wa mzee huyo kwa ile sauti yake nzito isiyo na haraka, kisha akamaliza kama alivyomaliza siku zote: "Poleni sana, watu wetu." Muziki ukaingia.

Katika ofisi kuu mjini Kakamega, Nehemiah Shitanda alisimama na kikombe cha chai mkononi, asinywe wala asikiweke chini.

Nehemiah ni fundi wa mtandao katika kituo kidogo cha redio chenye ofisi Kakamega, Mumias na Butere. Ofisi zote hutumia folda moja ya pamoja. Tangazo likirekodiwa Butere huonekana Kakamega, na kompyuta ya studio hulichukua na kulipeleka hewani bila kumuuliza mtu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kilichoko huku ndicho kilichoko kule. Ni mtu mkimya, wa sweta hata jua likiwaka. Alizaliwa Shinyalu, kando ya msitu, na mama yake alimfundisha asiitike akiitwa mara moja tu, kwa sababu huwezi kujua ni nani anayeita kutoka kwenye miti. Mpaka leo, akiitwa ofisini, huinua kichwa na kungoja.

Asubuhi hiyo alidhani kuna mtu aliyesahau kufuta mafaili ya zamani. Aliyatafuta matangazo yote ya marehemu ndani ya folda, akayafuta, akanywa chai yake iliyopoa.

Kesho yake yalikuwa yamerudi. Yote. Osundwa akamzika tena yule mzee wa Mumias, na baada yake mwalimu mmoja wa Butere, na mtoto. Wafanyakazi wa Mumias wakakataa kuifungua folda. Nehemiah akaketi mbele ya mashine, na safari hii akahisi kwamba ameitwa mara ya pili.

Kabla hajaanza, simu ililia. Ilikuwa Teresa, mjane wa Osundwa.

"Shemeji, mnatufanyia nini?"

"Teresa, nisamehe. Ni hitilafu. Naitafuta."

"Mama mkwe amekataa kunyolewa. Jamaa walikuja na wembe, wamerudi kwao. Anasema hawezi kunyoa nywele kwa ajili ya mtu anaongeanga. Ameweka kiti kando ya redio, hata ugali hataki. Na mimi niko tu humu ndani. Shambani siendi, sokoni siendi. Shemeji, mzimeni jamani."

Nehemiah alielewa. Katika nyumba za kule Butere, mazishi hayamalizi kifo. Jamaa hukusanyika baadaye, wafiwa hunyolewa, vitu vya marehemu hugawanywa, na ndipo mjane hutoka tena na jembe lake. Kabla ya siku hiyo hakuna kinachoguswa.

Alifuata nyayo za mafaili hayo kwenye seva mpaka akajua yanakotoka. Yalitoka kwenye kompyuta ya Osundwa mwenyewe, katika ofisi ya Butere. Ilikuwa inawaka. Akampigia Maurine, anayeshughulikia ofisi hiyo.

"Inawaka, ndiyo," Maurine alisema. "Nani angeizima?"

"Si wewe uko hapo?"

"Mimi? Niguse kitu cha maiti kabla watu wake hawajanyolewa? Shitanda, kwani huko kwenu msituni hamna miiko? Tumeifunika na leso, tukamwachia kiti chake. Usiniletee laana kwa simu."

Nehemiah alikata simu. Sasa alijua yote. Mtandao wa Butere hukatika ovyo, na Osundwa, aliyechoka kupoteza kazi yake njiani, alikuwa ameomba mashine yake ipangwe iwe inatuma tena chochote kitakachokosekana kwenye folda. "Kazi yangu ikipotea, irudi," alisema wakati huo. Mashine ilikuwa inatii. Haikujua kufutwa. Ilijua kupotea tu, na kila Nehemiah alipofuta, ilidhani kuna kilichopotea.

Angeweza kuikata kutoka Kakamega. Lakini matangazo yote ya Butere hupitia humo, na siku hiyo kulikuwa na watu Butere waliofiwa wakingoja redio iwaite jamaa zao. Amri ile ilibadilishwa kwenye mashine yenyewe tu; ilibidi mtu aketi kwenye kile kiti. Kiti hakikaliwi mpaka wafiwa wanyolewe. Wafiwa hawanyolewi maana mama amesikia sauti. Sauti inatoka kwenye kiti. Nehemiah alizunguka na fikira hizo hadi akaona kizunguzungu, kisha akachukua laptopu yake akaenda Butere, nyumbani kwa marehemu.

Mama Rosebella, mamake Osundwa, alikuwa uani kando ya redio, nywele zake nyeupe timtim, mikono imelala mapajani.

"Mulembe, mama."

"Mulembe. Wewe ni wa redio. Umetoka kwake?"

Teresa, aliyesimama mlangoni, alifunika mdomo.

"Nimetoka ofisini, mama. Anayosema ni maneno ya zamani. Aliyasema akiwa mzima, mashine ikayashika."

"Mashine inaweza kusema pole?" mama aliuliza. "Kila asubuhi ananipa pole. Nani alimwambia nimefiwa?"

Nehemiah alikaa chini kwenye nyasi, akafungua laptopu na kuliweka tangazo la mzee wa Mumias, ili angalau amwonyeshe kwamba sauti hiyo hukaa mahali, huanza na kwisha. Mama akafumba macho. Osundwa alisoma. Watoto, wakwe, wajukuu. Poleni sana, watu wetu.

Redioni, muziki huingia hapo. Kwenye faili hakukuwa na muziki. Kulikuwa na pumzi ya Osundwa, mlio wa kiti, kisha jogoo akawika, karibu kabisa, kwa sauti iliyopasuka mwishoni.

Mama alifumbua macho. "Rudisha."

Nehemiah akarudisha. Jogoo akawika.

"Teresa. Huyo si yule mwekundu?"

"Ndiye, mama," Teresa alisema polepole. "Marehemu alikuwa anarekodia huku asubuhi kabla ya kwenda. Huyo jogoo alimsumbua dirishani, akawa anamtupia kiatu."

"Na tulimfanya nini?"

Teresa alitazama chini. "Tulimchinja kwa ajili ya wageni wa matanga."

"Firigisi alikula nani?"

"Pastor, mama."

"Pastor alikula firigisi," mama alirudia. "Mimi nikiwa nimekaa hapa, nikamwona akitafuna. Na jogoo bado anawika." Kicheko kifupi kilimtoka, kikavu, kikavunjika, kikawa kilio ambacho hakuna aliyekuwa amekisikia kwake hata siku ya mazishi. Teresa akamshika mabega. Kilipotulia, mama alizima redio kwa mkono wake.

"Waite," alisema. "Waje na wembe."

Baada ya kunyolewa, mama na Teresa walikuja ofisini, vichwa vyao viking'aa kama vya watoto. Maurine aliitoa leso, akaikunja, akampa Teresa. Nehemiah aliketi kwenye kiti cha Osundwa, kikalia mlio kama ule wa kwenye faili. Kisha akaondoa ile amri ya kurudisha. Akayachagua matangazo yote ili ayafute.

"Ngoja," mama alisema. "Mwache awike kwanza."

Nehemiah akafungua lile la mzee wa Mumias, akasogeza hadi mwisho, pale ambapo maneno yamekwisha. Pumzi. Kiti. Jogoo akawika ndani ya ofisi ya Butere, na nje, mbali, jogoo wa mtu mwingine akamjibu.

Mama alisikiliza mpaka huyo wa nje aliponyamaza.

"Sasa," alisema.