Koti Nililovaa Kwenda Kuposa

Mimi huamua haraka kwa sababu naogopa kuonekana mshamba. Mitumba ilipoanza kumiminika Sumbawanga, nilinyakua koti zito lenye manyoya shingoni. Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Deo, hebu litazame vizuri kwanza." Sikumsikiliza.

Nikalivaa tulipokwenda Msanzi kumposea Deo mchumba. Mke wangu alikuwa amejitanda kitenge tu, anatetemeka kwa baridi. Mama wa binti akanikagua, akakunja uso.

"Mzee, hilo si koti la kike? Umemvua mkeo! Na binti yetu mtamvua?"

Mke wangu, ambaye hasemi neno kabla ya kulipima, akajibu taratibu:

"Nimemvalisha mimi, dada. Mwenzangu anaumwa kifua."

Nikakohoa.